Pengo la sentimita 58

Mama yangu hakuuliza bei. Alipoingia mara ya kwanza kwenye nyumba yetu ya Namugongo, pembeni mwa Kampala, Januari 2019, haina dari wala rangi, alipita vyumba vyote kimya, mikono nyuma kama afande wa ukaguzi. Akasimama jikoni, akatazama kuta tupu, kisha akauliza: "Na sigiri itakaa wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, Mama, humu hamna sigiri, hamna jiko la makaa. Humu kunakuja makabati ukuta mzima, jiko la gesi la plate nne, sinki ya vyumba viwili. Akasema "Haya." Wanaomjua wanajua kwamba haya yake maana yake ni tutaona.

Sisi ni watu wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi. Baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kambini kabla hakijawa somo la mtu yeyote. Mama kapika miaka yote hiyo juu ya sigiri, kakaa kwenye kigoda, matoke yamefunikwa majani ya mgomba yanachemka polepole tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimechoka na moshi. Tena miaka tisa mimi na baba watoto tulipanga muzigo Kireka, chumba na sebule, na jiko langu lilikuwa meza ya plastiki kwenye korido, gesi ya kichwa kimoja juu, sufuria chini, na kila mpangaji anayepita anajua leo mnakula nini. Kwa hiyo nyumba ilipofika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, wenzangu wanaota sebule, mimi nilikuwa naota droo.

Tulikuwa na shilingi za Uganda milioni 8 za jiko. Tano kati ya hizo zilikuwa mkopo wa SACCO ya walimu, kwa hiyo hazikuwa zetu hasa.

Tulianzia duka moja kubwa mjini, lile la vioo na kiyoyozi. Nikiri kwamba nililewa. Milango myeupe inang'aa unaona meno yako. Droo unaisukuma kidogo tu, inajifunga yenyewe taratibu kama mtoto anayeingia usingizini. Binti wa pale alichukua vipimo vyetu tulivyoandika kwenye karatasi ya daftari, akabonyeza bonyeza kompyuta, na jiko langu likatokea kwenye skrini, linazunguka, limewekwa hadi bakuli la matunda. Matofaa. Namugongo nzima imejaa ndizi, wao wameniwekea matofaa, na bado nikaona ni zuri.

Bei ikaja: 13,800,000. Asilimia 70 kabla ya kuanza kazi. Baba watoto akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nilishaanza kuhesabu kichwani nani naweza kumkopa. Kilichotuokoa ni uchoyo wake wa kawaida. Hakusema hapana. Alisema, "Tupeni kipande cha ubao twende tukafikirie." Wakatupa kipande kama ukubwa wa daftari, cheupe pande zote mbili, kingo zimekatwa tu hazijafunikwa, unene milimita 18. Nikakibeba kwenye mkoba kama picha ya mchumba.

Mama alikuwa bado yuko kwetu Kireka. Usiku ule alikuta jerikeni linavuja, akatafuta kitu cha kuliinulia, akakiona kile kipande mezani, akakisukumia chini. Yeye aliona ubao tu.

Asubuhi nilipoinua jerikeni sikukitambua. Kingo moja ilikuwa imefura, imezidi sana unene wake. Ule weupe wa juu umepasuka na kujikunja, na ndani chenga za mbao zimelegea, ukigusa zinabaki kidoleni. Mama akakibonyeza kwa dole gumba, dole likazama. Akanitazama.

"Huu ni ubao au ni biskuti?"

Ili nisiwaonee watu: ile ilikuwa chipbodi ya kawaida, ile ile inayotumika dunia nzima, na ikifunikwa kingo zote vizuri na kukaa pakavu, inaishi miaka. Hakuna aliyetudanganya. Ila mimi najua nyumba zetu. Chini ya sinki siku zote kuna kitu kinavuja, na fundi bomba akija atatoboa tundu la bomba lake na kuondoka bila kuziba ule ukingo mbichi. Hapo ndipo biskuti inapoanza kunywa chai.

Jumamosi tukaenda Ndeeba.

Aliyewahi kwenda Ndeeba hahitaji kuelezwa, na asiyekwenda aelewe tu kwamba ni mahali ambapo hewa yenyewe ni vumbi la mbao. Misumeno inalia pande zote, malori yanashusha, vijana wanabeba mbao mabegani wanapiga kelele upishe. Mvule sikuuthubutu hata kuuliza. Kuna mugavu, kuna musizi, kuna paini, na kila mwenye banda anakuita nnyabo, yaani mama, na kukuapia kwamba yake ndiyo kavu. Kila banda tulilouliza, bei ilipanda mara tu walipoona viatu vya baba watoto. Hapo simu ikalia, Mama, anauliza kama tumekula, nami nikamjibu kwa sauti ya juu kushinda msumeno. Nilipokata, mzee mmoja aliyekuwa anapiga randa kwenye banda la jirani akainua kichwa.

"Kumbe ninyi ni watu wa Kiswahili?"

Mjini Kampala swali hilo halina jibu rahisi. Wapo wazee ambao Kiswahili bado kinawakumbusha miaka ya sabini, enzi za Idi Amin, askari mlangoni usiku, mwizi mwenye bunduki. Nimeshawahi kuteremshwa sauti kwenye teksi. Kwa hiyo nilijibu kwa tahadhari, ndiyo mzee, sisi wa Bombo. Akacheka. Kumbe alikaa Nairobi miaka kumi na moja, Gikomba, anatengeneza vitanda. "Hapa sina mtu wa kuongea naye, bana," akasema, na akatufutia vumbi kwenye benchi tukae. Baba watoto husema Kiswahili kilitupunguzia laki tatu siku ile. Mimi naona kilitupa zaidi ya hapo, kwa sababu yule mzee, badala ya kutuuzia, alianza kutufundisha.

Nilimwonyesha picha ya lile jiko la skrini, na kile kipande kilichofura. Hakukishangaa. Akaokota vipande vitatu chini ya meza yake, akanipangia mapajani. "Hii chipbodi, ni chenga na gundi. Hii MDF, ni unga na gundi, laini, inakubali rangi vizuri, lakini nayo haipendi maji. Hii plaiwudi, ni karatasi za mti zimepishana, hii inavumilia." Kisha akauliza swali ambalo binti wa kompyuta hakuuliza: "Nyumbani kwako nani anapika, na anapika nini?"

Nikamwambia. Akafikiri, akasema sentensi iliyotuokolea nusu ya pesa: "Basi chini usiweke mbao kabisa."

Maana yake ilikuwa hivi. Mwashi ajenge vikuta vifupi vya matofali, amwage slabu ya zege juu yake, vikuta avivike taili ndani na nje, juu amalizie kwa terazo, saruji yenye chenga za mawe inayosagwa mpaka iwe laini. Hilo ndilo kabati la chini. Maji yakivuja, yavuje. Mchwa wakija, watafune zege. Seremala kazi yake inakuwa fremu na milango ya mbele tu, mugavu kwa fremu na plaiwudi katikati, na makabati ya juu ambako hakuna maji. "Ukitaka kubana pesa, bana kwenye mlango. Mlango unaweza kuubadilisha baada ya miaka mitano. Usibane kwenye bawaba wala reli." Akatutuma maduka ya hadiwea ya Nakasero tukanunue wenyewe, na akatufundisha kujaribu: vuta droo ya maonyesho hadi mwisho, kisha bonyeza ncha yake kwa kiganja. Ikiinama kama ulimi, acha. Reli ziwe za gololi. Bawaba nazo zishike kwa mkono. Nyepesi kama kifuniko cha soda, rudisha.

Alipokuja nyumbani kupima ndipo nilipompenda kabisa. Hakuanza na ukuta. Alinisimamisha katikati ya jiko, bila viatu, akasema, "Kunja mkono, fanya kama unasukuma chapati." Nikasukuma chapati hewani, mwashi na kijana wake wanacheka. Yeye kapiga goti, futikamba kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: sentimita 101. Akatoa 13. "Meza yako itakuwa 88." Mjini walikuwa wameandika 90 bila kunitazama. Sentimita mbili ni kitu gani? Mimi nasukuma chapati thelathini kwa mkupuo siku ya wageni, na mgongo wangu unajua ni kitu gani.

Sasa nije kwenye kosa, na kosa ni langu.

Mfungo ulikuwa unaanza Mei, na nilikuwa nimeapa kufuturisha kwenye nyumba yangu. Mwashi alipokuwa anajenga vile vikuta, mzee alisema nafasi ya jiko la gesi tusiifunge kwanza. Tungoje lipu, tungoje taili, ndipo tupime, ndipo tujenge kikuta cha mwisho. Nikamwambia hakuna muda wa kungoja. Jiko nimeshalinunua, upana wake ni sentimita 60, pimeni 61 mjenge, mambo yaishe. Akanitazama kama Mama alivyonitazama, lakini mimi ndiye mwenye pesa. Wakajenga 61.

Terazo peke yake ilitutoa jasho. Mashine ya kusaga ilipiga kelele siku nne, na tope likatapakaa mpaka kwenye makorongo ya majirani. Ilipopigwa nta ikatoka nyeusi yenye vidoadoa vyeupe, baridi, sufuria ya moto unaitua moja kwa moja. (Ndimu lakini usiikatie juu yake. Asidi inaacha alama, na yangu ninayo moja, umbo la nusu ndimu kabisa, ya wiki ya kwanza.) Milango ikaja ikiwa na harufu ya vanishi. Droo zikateleza. Nilipojumlisha risiti, zege na terazo zilikula 1,900,000, seremala na mbao zake 3,600,000, na sinki, bomba, bawaba na reli 1,400,000. Milioni 6.9, na chenji ikarudi SACCO.

Siku ya mwisho wakabeba jiko la gesi. Vijana wawili, mmoja huku mmoja kule, wakalisogeza kwenye nafasi yake. Likagota. Wakalirudisha, wakalinyanyua kidogo, wakasukuma tena. Likagota. Mzee hakusema neno. Alitoa futikamba yake mfukoni, akainyoosha kutoka taili hadi taili, akaniachia nisome mwenyewe.

Hamsini na nane. Lipu na taili, sentimita moja na nusu upande huu, moja na nusu upande ule.

Kubomoa kikuta maana yake ni kubomoa na slabu na terazo juu yake. Kubandua taili upande mmoja tulijaribu, tatu zikapasuka, na bado haikutosha. Nililia, sitaki kuficha. Baba watoto akalipeleka jiko la gesi mwisho wa meza, karibu na mlango wa nyuma, likasimama peke yake kama mgeni aliyekosa kiti. Nikanunua kitambaa cha maua, nikakining'iniza mbele ya lile pengo nisilione.

Mama alikuja siku za mwisho za mfungo. Ilikuwa wiki ile ile ya mahujaji wa Namugongo, Wakristo wanaokuja kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, barabara ya Kyaliwajjala imejaa watu wanaotembea kwa miguu kutoka mbali, na boda iliyomleta ilimshusha mbali akaja kwa miguu na mzigo wake kichwani. Nikampitisha jikoni nikiwa na moyo juu. Alifungua kabati moja moja. Akavuta droo, akaiachia, akaitazama ikijifunga yenyewe, akaivuta tena. Akapitisha kiganja juu ya terazo. Akainama chini ya sinki akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikia ni matofali, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akafika kwenye kitambaa cha maua. Akakifunua. Alikaa pale muda, kainama, anatazama ndani ya lile pengo lenye taili safi pande zote mbili. Akatoka nje bila kusema. Niliposikia mlango wa nyuma ukifunguliwa tena, alikuwa ameshika sigiri yake, ile ya Bombo, aliyoileta imefungwa ndani ya mzigo. Akaisukuma ndani. Ikaingia, na nafasi ya gunia dogo la makaa ikabaki kando.

"Unaona," akasema, anafuta mikono. "Uliniambia haina mahali. Nani alikupimia vizuri namna hii?"