Sweta la Kijani

Jana mwanangu kamwagia maziwa sweta lake la shule. Nikalianika karibu na jiko la mkaa, na lilipoanza kupata moto ile harufu ikanipeleka Nyandira, kule Mgeta, jikoni kwa Bibi, mwezi wa sita. Baridi ya milima ya Uluguru mnaijua.

Mbuzi wa Bibi walikuwa wa maziwa, uzao wa wale wa Norwei walioletwa Mgeta miaka ya 1980. Usiku ule Bibi alikuwa msibani. Mbuzi mmoja, mimba yake ya kwanza, akazaa mbele yangu na koroboi mkononi. Mtoto akadondoka juu ya mabanzi ya banda, ameloa chapachapa, anatetemeka. Nilikuwa na miaka 11. Nikavua sweta langu la kijani, nikamfuta mpaka manyoya yakasimama, nikamkumbatia nikakimbia naye jikoni. Mama yake akalia nyuma yangu. Nilidhani ananishukuru.

Alfajiri Bibi alimrudisha bandani. Mama akamnusa chini ya mkia, akapiga chafya, akamtupa kwa kichwa. Tukajaribu tena, akamtupa tena. Bibi akamkaba shingo, akakamua dang'a kwenye kikombe cha bati: ya njano, nzito kama uji.

"Haya mjukuu wangu, wewe ndiye mama."

Chupa aliikataa. Alikaza meno, maziwa yakamtiririka kidevuni hadi kwenye lile sweta. Nikachovya kidole, nikakiingiza pembeni mwa mdomo. Ulimi ulikuwa wa baridi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, ulimi wa baridi uliolala tu juu ya kidole changu. Nikachovya tena. Na tena. Moto ukafifia, Bibi akachochea bila kusema neno. Kisha ule ulimi ukajikunja, ukashika, ukavuta kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa kitu kidogo vile, na kamkia kakaanza kutikisika.

Baada ya hapo ni chupa ya soda na chuchu ya dukani, mara nne kwa siku, kichwa juu asije akapaliwa. Shule zikafunguliwa, nikaondoka. Desemba nilikuta beberu linalolala mlangoni pa jiko na kuwaona mbuzi wenzake kama wapangaji. Nyama ya Krismasi ilitoka wapi, sikuuliza.

Miaka mingi baadaye bwana mifugo mmoja aliniambia, akipita tu kwenye mazungumzo, kwamba mbuzi humjua mtoto wake kwa kumlamba saa ile ile ya kwanza. Ukimwondoa kabla hajalambwa, huenda akamkana.

Jana usiku nikampigia Bibi.

"Bibi, ulijua kwamba ni mimi?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku wake.

"Lile sweta," akasema, "nililifua mara tatu."