Fundi alikuja na mtungi wa oksijeni: nilivyofunga AC ya nyumba nzima Kigamboni

Kaskazi ya mwaka juzi ndiyo iliyonishinda. Nyumba yetu iko Kigamboni, si mbali na bahari, bati juu na jipsamu chini yake, na kuanzia Desemba mpaka Machi chumba cha mama kinakuwa tanuri. Mama ana miaka 74. Ikifika saa nane usiku unamsikia anaburuta mkeka kwenda kulala sebuleni mbele ya feni, na feni yenyewe inazungusha joto lilelile. Shemeji yangu, mume wa dada anayeishi Muscat, alipokuja likizo alilala kwetu usiku mmoja tu. Asubuhi akaniambia, "Shemeji, kule kwetu hata banda la mbuzi lina AC." Ni mwongo, lakini neno lilinikaa.

Yeye ndiye aliyenitia kichwani habari ya AC ya nyumba nzima: mashine moja inafichwa juu ya dari, inasukuma ubaridi kwenye mabomba makubwa ya hewa, na ukiwa chumbani unaona grili tu. Tulichukua ya BTU 36,000, yaani tani tatu. Tani hapa si uzito wa mashine. Ni ubaridi unaotolewa na tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa saa 24, hesabu ya enzi za watu kupozea vitu kwa mapande ya barafu, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa. Niseme mapema: ningeanza upya leo, huenda ningenunua mbili tatu za kutundika ukutani, maana hii yangu inapoza mpaka chumba kisicho na mtu, na Luku haina huruma. Lakini mzigo ulikuwa umeshashuka getini.

Nilianza na umeme kabla ya fundi AC hajatia mguu, na hilo silijutii. Kibao cha mashine kilisema inakula hadi ampea 17 kwa volti 230. Nyaya za nyumba yetu zilitandazwa kwa ajili ya taa, feni na friji. Fundi umeme, mwenye leseni ya EWURA, akatoa laini ya peke yake kutoka kwenye mein swichi, waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32 kama kitabu cha mashine kilivyotaka, na swichi ya kukatia umeme pembeni kabisa ya mashine ya nje, ili anayeitengeneza asitegemee mtu aliye ndani kukumbuka.

Kisha akaenda kupima erthi. Akarudi kimya, akanivuta nyuma ya nyumba. Ile rodi ya erthi ipo, imesimama ardhini, lakini waya wa shaba uliotakiwa kuifunga haupo. Umekatwa msumeno, safi kabisa. Wauza chuma chakavu walishapita zamani, na sisi tumeishi humo hatujui. Maana yake siku waya wa moto ungegusa bodi ya mashine, bodi ingekaa na umeme wake ikimsubiri mtu aje aishike. Na nani angeishika kwanza? Mtoto anayecheza mpira uani. Tukachimbia rodi mpya, waya ukapitishwa ndani ya bomba na kufukiwa. Akaongeza na ile breka inayokata umeme ukivuja.

Fundi AC alikuja Jumatano na dogo wake. Ni fundi mzuri, mikono yake ina akili, nyumba nyingi za mtaa wetu amezifungia yeye. Tulibishana mara ya kwanza juu ya grili ya kurudishia hewa, ile kubwa inayonyonya hewa ya ndani kuipeleka kwenye mashine ipozwe tena. Yeye aliiona mwisho wa korido, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu bomba lingekuwa fupi. Lakini nje ya mlango huo ndipo jenereta linapokaa, na umeme ukikatika ndipo linapounguruma. Moshi wa jenereta una sumu usiyoisikia harufu. Grili ingeunyonya na kuugawa vyumba vyote, cha mama kikiwemo. Tukaisogeza mpaka ukuta wa sebule, bomba likaongezeka mita tatu, na jenereta nalo nikalihamishia kule kwenye ukuta wa jirani. Jirani hajafurahi mpaka leo.

Alhamisi mchana mabomba ya shaba yalikuwa yameshapita kwenye kenchi, yameungwa kwa kuchomelewa. Dogo alisimama na ndoo ya maji na kitambaa kibichi muda wote moto ukiwaka, maana juu kule ni mbao kavu. Zilibaki nati za kuunganisha na mashine, zikakazwa. Nikamuuliza fundi, "Sasa tunajuaje hakuna panapovuja?"

"Tunajaza presha, mama. Tunaangalia geji." Akamwita dogo asogeze mtungi.

Mtungi ulioburutwa ukumbini ulikuwa ule ule wa kuchomelea. Oksijeni.

Marehemu baba alikuwa fundi gereji, Gerezani. Sisi watoto tulikatazwa mambo mengi pale, tukayavunja karibu yote. Moja halikuvunjwa: mwenye mkono wa mafuta asiguse koki ya mtungi wa oksijeni. Alikuwa mpole, lakini kwa hilo alimpiga kofi kijana mmoja mbele ya wateja. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta haihitaji kiberiti. Inalipuka yenyewe. Na kompresa ya AC, tumboni mwake, ina mafuta.

Nikamwambia fundi, "Kaka, huo mtungi naomba utoke nje."

"Mama, hii tunaifanya kila siku."

"Najua. Utoke nje tu."

Aliudhika, na sikumlaumu, kusimamishwa na mwenye nyumba mbele ya dogo wako si jambo dogo. Akasema basi tutumie gesi yenyewe ya AC kusukuma hewa itoke, kama wafanyavyo wengi. Hapo tena nikakataa. Gesi yetu ni R410A, mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu. Kuipuliza hovyo ni kutupa fedha na kuchafua anga, na bado unyevu haung'oki. Mashine mpya nyingi siku hizi zinakuja na R32, na hiyo inashika moto. Mtu akiizoea tabia hiyo kwenye R410A, siku moja ataifanya na R32 huku mtu anakaanga samaki jikoni.

Kinachotakiwa ni naitrojeni kavu, gesi isiyochochea moto, na regyuleta yake ya kupunguza presha, maana mtungi ukijaa una presha ya kupasua bomba lolote ukiufungulia moja kwa moja. Nilikodi mtungi kwa wauza gesi za viwandani, nikauvusha darajani kwa kirikuu umefungwa kamba umesimama. Siku nzima ikaenda. Fundi aliondoka kwenda kazi nyingine, akarudi Ijumaa jioni, nadhani kwa udadisi tu.

Tukapandisha taratibu, 100, tukasubiri, 200, hadi psi 400 kwenye geji. Saa kumi na moja jioni tukapiga alama kwa kalamu, tukalala. Asubuhi sindano ilikuwa 340. Baridi ya usiku inashusha kidogo, lakini si 60. Fundi hakusema kitu. Alichanganya sabuni ya unga na maji kwenye kopo, akachukua brashi ya rangi, akapaka kila kiungo. Ile nati kubwa ya mashine ya nje, ya bomba la inchi 5/8, ikaanza kutoa povu dogo dogo, moja baada ya jingine, kama mtoto anayepuliza mate. Akaitoa naitrojeni, akafungua: mdomo wa bomba ulipotanuliwa ulichanika ufa mwembamba kama unywele. Akakata, akatia nati kwanza (dogo huisahau, unaanza tena), akatanua upya, akapaka tone la mafuta, akakaza. Mara hii sindano ililala na kuamka palepale. Kuanzia saa ile hakunibishia tena, na mimi nikaacha kumsimamia kichwani.

Maji nilijaribu mwenyewe. Mashine ya darini inatoa jasho jingi, nalo hupita kwenye bomba la plastiki kwenda nje. Kabla dari haijafungwa nilipanda na jagi, nikamimina lita mbili kwenye sinia. Nje halikutoka hata tone. Bomba lilikuwa limelegea katikati likafanya tumbo, maji yamelala humo, na mengine yanarudi. Lingefungwa hivyo, jipsamu ya chumba cha mama ingeanza doa la chai wiki ya kwanza na kuanguka mwezi wa pili. Tukalifunga vishikio vya karibu karibu, likashuka sentimita moja kila mita. Jagi la pili likatoka lote.

Pampu ya vakyumu ilinguruma saa nzima na dakika arobaini. Kazi yake si kutoa hewa tu. Inashusha presha mpaka unyevu ulioko ndani ya mabomba uchemke bila moto na kutoka kama mvuke. Unyevu ukibaki unaharibu mafuta ya kompresa polepole, na mwenye nyumba analaumu kiwanda. Tulifika maikroni 480 (ndicho kipimo cha presha iliyobaki ndani, ikiwa ndogo ndiyo bora), tukafunga, tukazima pampu, tukanywa chai. Ilipanda hadi 620 ikasimama. Ingeendelea kupanda bila kukoma, ningejua bado kuna tundu. Mabomba yetu yalikuwa mita 9 na kiwanda kimejaza gesi ya mita 5, kwa hiyo tuliongeza gramu 50 kwa kila mita iliyozidi, gramu 200, kwa mzani, mtungi umepinduliwa ili itoke ikiwa maji. Kisha ndipo koki za mashine ya nje zikafunguliwa mpaka mwisho.

Hapo kila mtu alitaka kuwasha. Kitabu kikasema hapana: umeme uwashwe kwenye breka kwanza, mashine ikae muda wa saa 12 kabla ya kubonyeza rimoti, ili kihita kidogo kilicho chini ya kompresa kipashe mafuta na kuifukuza gesi iliyojificha humo ikiwa maji. Kompresa imeumbwa kusukuma gesi. Ikimeza maji inaweza kuvunjika siku hiyo hiyo. Nikamwambia fundi, "Ni saa kumi na mbili." Akasema sawa, akaondoka. Saa kumi na mbili kamili jioni naye huyo getini, kanyoa na ndevu. Tulicheka mpaka mama akatoka kuuliza kuna nini. Afadhali hatukuwasha, kwani jioni ile nilipima volti nikakuta 188, mtaa mzima uko kwenye pasi na majiko.

Tukawasha Jumatatu saa tatu asubuhi. Volti 226. Grili zilikuwa bado zimefungwa nailoni kwa sababu ya vumbi la jipsamu, nikazifungua zote, nikakung'uta filta. Fundi akazungushia klampu kwenye waya: ampea 15.6. Mashine ya nje ilitikisika mara moja ikatulia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye swichi, mkono tayari, kama mtu anayesubiri mkwaju. Baada ya dakika ishirini nikaweka kipimajoto kwenye grili ya kurudisha, nyuzi 30, halafu kwenye grili ya chumba cha mama, 18. Tofauti ya 12. Fundi akapaka tena sabuni kwenye nati, pakavu. Ndipo akakaa chini akaomba maji ya kunywa.

Jioni ileile volti zilishuka tena na kifaa cha kulinda umeme kikakata, kikarudisha baada ya dakika tano. Ni vizuri kisirudishe haraka, kompresa inahitaji presha zitulie kwanza. Kila Jumamosi mbili naosha filta, na kila mwezi nazima swichi ya nje na kuimwagia mashine maji baridi ya bomba kwa upole, kwa ajili ya chumvi ya bahari inayokula yale mabati membamba. Ndani siingizi mkono. Kuna kapasita humo inayotunza umeme hata ukishazima.

Yale maji ya darini yanaangukia kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Kaskazi ndoo ya lita 10 inajaa kabla ya adhuhuri. Hayafai kunywa, mama anamwagilia mchicha wake. Rimoti anakaa nayo yeye, chini ya mto, ikiwa kwenye 26. Nikipunguza hadi 24 ananiita jina langu lote, na la baba akiwa ameliongezea.