Huo mziki sio wa wazungu jamani

Juzi mdogo wangu kanikuta nimejilaza naskiliza hausi (house, mziki wa densi wa klabu unaotengenezwa kwa mashine), akachomoa hedifoni moja sikioni kwangu akaiweka kwake, kaskiliza kama nusu dakika hivi, akanirudishia akasema "kaka, hizi nyimbo za wazungu unaziwezaje?" Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nilikua nikiamini hivyohivyo miaka ya nyuma, maana kila bango la tamasha kubwa, kila orodha ya madijei wanaolipwa hela ndefu, sura ni zilezile, sa mtu angejuaje? Lakini siku hiyo nilimkalisha chini nikamweleza mpaka usiku ukawa mkubwa, na nimeona niyaandike hapa maana yananikaa rohoni.

Nilianza na dijei Frankie Knuckles. Mzaliwa wa Bronx, New York, 1955, akahamia Chicago 1977 kupiga mziki kwenye klabu moja inaitwa Warehouse, South Jefferson namba 206. Waliokua wanajaa mle ndani ni watu weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu ambao sehemu nyingine za starehe hawakua na raha nazo. Frankie alikua anachukua nyimbo za disko na soul anazikata na kuziunga upya kwenye kanda za rili (zile kanda ndefu za kurekodia zinazozungushwa kwenye magurudumu) ili zirefuke, zisiishe wakati watu ndo kwanza wamepata moto. Na jina lenyewe la hausi wengi wa kule wanasema limetoka kwenye jina la klabu hiyo. Yaani jina la mziki wote huu unaopigwa dunia nzima limebebwa kutoka kwenye jengo moja la watu waliokua hawatakiwi kwingine.

Tekno (techno), ndugu yake hausi, nayo hivyohivyo, waanzilishi ni vijana weusi, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, wamesoma shule moja Belleville nje kidogo ya Detroit. Atkins na mwenzake Rick Davis walishatoa santuri yao ya kwanza kama Cybotron mwaka 1981.

Halafu kuna ile mashine, hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza kimashine cha kuiga gitaa la bezi, TB-303, eti mwanamuziki akiwa hana mtu wa bezi afanye nacho mazoezi. Sauti yake haikufanana na gitaa hata kidogo, haikununulika, wakaacha kukitengeneza, vikawa vinauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana watatu wa Chicago, DJ Pierre, Spanky na Herb J, wakakipata kimoja, na badala ya kukiprogramu vile inavyotakiwa wakakiacha kijizungushie tu noti zake huku wao wanazungusha vile vishikio vya juu, kile kisauti kikaanza kulialia na kujikunja kama kitu chenye uhai. Wakakirekodi wakampelekea Ron Hardy, dijei wa klabu ya Music Box. Inasimuliwa alikipiga mara ya kwanza watu wakakiangalia tu, akakirudia, akakirudia, ilipofika mara ya nne usiku huohuo ukumbi ukapagawa. Ikatoka 1987, Acid Tracks, wakajiita Phuture, na mwaka uliofuata vijana wa Uingereza walikua wanakesha kwa sauti hiyo. Ule ni uvumbuzi kamili, na wanastahili kuitwa wavumbuzi, ila mara nyingi utaskia inasemwa ni "bahati" tu. Mtu mweusi akigundua kitu ni bahati, sijui kwanini.

Sasa kuna mtu ataniambia mziki hauna rangi. Nimeambiwa sana hiyo. Ni maneno mazuri ila nimegundua huwa yanatoka pale tu tunapoanza kuulizana majina ya waanzilishi, na rangi ilikuwepo tokea mwanzo. Tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa besiboli wa Comiskey Park hukohuko Chicago, mtangazaji mmoja wa redio alitangaza ukija na santuri ya disko unaingia kwa senti 98, halafu katikati ya mechi mbili zinarundikwa zinalipuliwa uwanjani. Watu wakajaa mpaka nje, wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Siku hiyo kati ya vijana waliokua wanafanya kazi ya kuwaelekeza watu viti alikuwepo Vince Lawrence, kijana mweusi anayekusanya hela anunue sintesaiza, kile kinanda cha umeme cha kutengenezea sauti. Amesimulia mwenyewe miaka ya baadae kwamba nyingi ya santuri alizoziona zikiletwa hazikua hata za disko, zilikua za soul na R&B, yaani za watu weusi tu. Kila nikimfikiria yule kijana, amesimama pale na kazi yake, anaangalia vitu vinavyofanana na vya nyumbani kwao vinalipuliwa watu wanashangilia... Na hela alizipata, sintesaiza akanunua. 1984 yeye na Jesse Saunders wakatoa On and On, ambayo wengi wanaihesabu ndo santuri ya kwanza ya hausi.

Lakini kinachoniuma zaidi ya uwanja ule ni makaratasi, yaani mikataba ya nyimbo. Uwanja kila mtu aliuona, makaratasi hayaonekani. Larry Heard, mtunzi wa hausi wa Chicago, ndo katengeneza Can You Feel It, 1986, wimbo mpaka leo ukiuskia unahisi mtu kakuwekea mkono begani. Yeye na mwimbaji Robert Owens ilibidi 2020 waende mahakamani kuishtaki lebo ya Trax, kampuni iliyotoa santuri zao, wakidai haki za nyimbo zao na malipo ambayo wanasema hawakuyapata. Miaka zaidi ya thelathini! Wakamalizana 2022 na haki za nyimbo zikarudi kwao. Nilifurahi sana siku niliyosoma ile habari, ila nikajiuliza wangapi wamekufa kabla ya kufika hapo.

Au mwimbaji mweusi Loleatta Holloway. Mwaka 1989 wimbo wa Ride on Time ulikaa namba moja Uingereza wiki sita, kundi la Italia linaitwa Black Box, na ile sauti inayopasua ni ya Loleatta, wameikata kutoka wimbo wake wa 1980. Kwenye TV anaonekana mwanamitindo anafumba na kufumbua mdomo. Loleatta ilibidi apeleke mawakili ndo akalipwa chochote. Sauti wanaitaka, mwenye sauti akae pembeni.

Heshima inakuja, siwezi kukataa, ila inachelewa mno. Jengo la Warehouse limetambuliwa rasmi na jiji la Chicago kama jengo la kihistoria 2023, Frankie alishafariki 2014. Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya densi na elektroniki imeanza kutolewa 2005, mtu mweusi wa kwanza kuichukua ni Kaytranada, 2021. Kwenye mziki huu!

Na Machi 2024 Ujerumani wakaiingiza tekno ya Berlin kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni. Kwa kweli sina ugomvi na Berlin, klabu ya Tresor iliwapokea watu wa Detroit tokea 1991 na santuri ya kwanza ya lebo yao ni kazi ya jamaa wa Underground Resistance, kundi la tekno la Detroit, wapo waliowaheshimu kuliko walivyoheshimiwa kwao. Ila mdogo wangu alipouliza "sa Detroit wenyewe wamewekewa nini?" nilimwonyesha picha za nyumba moja East Grand Boulevard namba 3000. Ni makumbusho ya tekno, madogo tu, hayakujengwa na serikali, wameyaweka Underground Resistance wenyewe kwenye jengo lao, mashine ziko kwenye vioo, santuri ukutani, na ukitaka kuingia unaweka miadi kwanza. Alizikuza zile picha kwenye simu moja moja, anasoma majina.

Hedifoni akaichukua tena bila kuniomba.