Ndege Aliyekuwa Akienda Kwetu

Kichaka kilitikisika kama kwamba kuku ameingia ndani. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwishoni mwa Agosti 2018, katika kijiji kimoja kusini kabisa mwa visiwa vya Shetland. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kusini-mashariki, na manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu juzi yake. Mzee aliyenitangulia akainua mkono, nami nikasimama papo hapo, buti zikizama taratibu kwenye tope.

"Ngoja," akaninong'oneza. "Huyu si mwenyeji."

Nilikuwa mgeni kuliko huyo ndege. Wakati ule nilikuwa nikiishi Aberdeen, nikifanya kazi ya kuwatunza wazee, na mwenzangu wa zamu, binti wa Shetland, alinialika kwao kwa juma moja. Tulipanda meli jioni, tukalala baharini, na asubuhi tukashuka Lerwick. Nilipotazama ramani ndani ya meli ndipo nilipoelewa tunakokwenda. Mji huo uko karibu zaidi na Bergen ya Norwei kuliko Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti yenyewe.

Nilikuwa na hamu ya kuwaona wale ndege wa baharini wenye midomo ya rangirangi wanaochapwa kwenye kadi na vikombe vya watalii. Tulipofika kwenye majabali ya Sumburgh, hapakuwa na hata mmoja. Walikuwa wameshaondoka kurudi baharini tangu mapema mwezi ule. Buabua wa kaskazini nao walikuwa wameanza safari yao ya kwenda Antaktika. Majabali yalikuwa meupe kwa mavi ya ndege na kimya, kama uwanja wa harusi siku ya pili. Nilisikitika, sitaficha. Nilifarijika kidogo tu nilipomsikia sululu akipita juu ya nyasi na mluzi wake wa haraka haraka, ule ule niliokuwa nikiusikia Mida Creek nilipokuwa nasoma kwa shangazi yangu Kilifi. Sikujua kuwa karibu sululu wote wanaozaliana Uingereza huzaliana Shetland. Hawa wa huku huelekea Afrika Magharibi, lakini sauti ni moja, na kwa sauti ile nilisahau baridi.

Baba yake mwenzangu ndiye aliyenieleza kuwa nimekuja kwa wakati mzuri, si mbaya. Alikuwa mvuvi mstaafu, mtu wa maneno machache, na kila kitu kidogo alikiita "peerie", neno la visiwani kwao. Chai peerie, mvua peerie, safari peerie. Alisema mwisho wa kiangazi watu wa Shetland hawatazami baharini tena, hutazama upepo. Ukigeuka ukatoka kusini-mashariki na kuja na mvua, ndege wanaosafiri usiku kutoka Skandinavia na Ulaya mashariki hupoteza mwelekeo juu ya Bahari ya Kaskazini, wakasukumwa, na nchi kavu ya kwanza wanayoiona alfajiri ni hivi visiwa. Wanashuka wamechoka hoi.

Na kweli walikuwa wameshuka. Miti ni adimu Shetland, upepo na kondoo haviipi nafasi, kwa hiyo ndege wa msituni akifika hana pa kujificha. Niliwaona vindege vya kijanimanjano, vya gramu tisa hivi, wakiokota wadudu katikati ya mawe ya ufukweni, penye mwani na povu. Mmoja alitua karibu na buti langu akatafuta chakula pale pale, kana kwamba mimi ni jiwe jingine. Ndege mwenye nguvu hakuachi umkaribie hivyo. Nilitamani kumfunika kwa viganja nimpe joto, lakini mzee alisema jema kubwa tunaloweza kumfanyia ni kuzunguka kwa mbali.

Tukawa tunakwenda bustani hadi bustani, tukibisha hodi kwanza, tukipita kando ya kuta za mawe na mashamba ya viazi. Ndipo tukafika kwenye ile nyumba yenye miti minne nyuma ya ukuta na kichaka kizito cha waridi mwitu.

Alitoka upande wa kushoto. Alikuwa mkubwa kuliko wale wengine wote, mnene, wa kijivu cha mchanga, na miguu minene ya kijivu iliyokamata tawi kwa nguvu. Kila manyoya ya bawa yalikuwa na ukingo mweupe mwembamba, kama karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Chini ya mkia kulikuwa na vimistari hafifu vya mwezi mwandamo. Jicho lilikuwa jeusi. Mzee alisema wakubwa wao wana jicho la manjano na mistari kifuani, kwa hiyo huyu ni wa mwaka ule ule, pengine hajamaliza miezi mitatu tangu atoke kwenye yai. Alirukia tawi, likainama, akapepesuka, akakaza miguu, akatulia. Tone la mvua lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya mdomo wake, naye hakulikung'uta.

Wanasayansi humwita Curruca nisoria. Nilimwuliza mzee anatoka wapi. Akasema huzaliana kuanzia Ulaya ya kati kuelekea mashariki hadi Asia ya kati. Nikamwuliza alikuwa anakwenda wapi.

"Afrika Mashariki," akasema. "Karibu wote huenda huko. Kenya, hasa."

Akaniangalia, akakumbuka natoka wapi, akanyamaza.

Lazima nieleze kwa nini magoti yaliniisha nguvu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifanya kazi ya jikoni miaka mingi katika hoteli ya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Sisi tulikuwa Voi, na akija likizo ya Desemba alikuwa na hadithi moja tuliyoidai kila mwaka. Mvua za vuli zikishanyesha, hasa Novemba, kuna usiku wa giza bila mwezi ambapo ukungu hushuka ukafunika vilima vyote vya Ngulia. Hoteli ina taa kali za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji. Basi ukungu ukitanda, ndege wanaopita juu usiku kutoka Ulaya na Asia huziona taa zile, wanazifuata, wanashuka mpaka barazani. "Wanaanguka kama mvua," mjomba alikuwa akisema, na anafungua viganja vyote viwili. Wataalamu wamekuwa wakienda hapo tangu 1969 kuwanasa kwa nyavu nyembamba, kuwapima, kuwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachia. Mjomba aliwahi kupewa mmoja amshike kabla ya kuachiwa. Alituambia moyo wa ndege ulikuwa unapiga haraka hata hauwezi kuuhesabu, unahisi mtetemo tu.

Nilikua nikidhani ndege wale ni wa mjomba. Kwamba wapo pale, wanaanzia pale, kwenye ukungu.

Na huyu ndiye. Huyu ni mmoja wa aina wanaonaswa Ngulia, yuko mbele yangu kwenye waridi la Shetland, zaidi ya kilomita 7,500 kutoka alikotakiwa kufika. Mzee alinieleza, akichora kwa kidole kwenye ukuta uliolowa. Watoto wa ndege hawa hawaongozwi na wazazi. Kila mmoja husafiri usiku peke yake, na uelekeo amezaliwa nao mwilini. Husoma nyota, na husoma usumaku wa dunia. Wengi hushika kusini-mashariki wakafika. Lakini kila mwaka wapo wachache ambao, kwa sababu wataalamu bado wanabishania, huenda upande ulio kinyume kabisa, kaskazini-magharibi, na upepo ukaongeza yake. Mstari wake wa safari kutoka Ulaya mashariki kwenda Kenya, ukiugeuza nyuma mbele, unagonga Shetland. Karibu wote wanaoonekana huku ni makinda ya mwaka wa kwanza.

Sikuweza kuondoka. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, alituletea chai barazani bila kuuliza kitu, akaweka tofaa lililokatwa nusu juu ya ukuta. Ndege alikaa muda mrefu akilitazama. Kisha akatua karibu nalo kwa kishindo kile kile cha kuku, akadonoa, akafuta mdomo kwenye jiwe, akadonoa tena. Nilijikuta nasema naye kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kula mwanangu, kula. Mzee hakucheka. Alivua kofia, akakamua maji, akaivaa tena.

Siku iliyofuata bado alikuwepo, na mwendo wake ulikuwa umechangamka. Usiku wa pili mawingu yalipasuka, upepo ukageuka ukatoka kaskazini, na kutoka mlangoni niliona mwanga wa mnara wa Sumburgh, uliosimama hapo tangu 1821, ukizunguka juu ya bahari tupu. Nyota zilikuwa nyingi mno. Asubuhi kichaka kilikuwa kimetulia. Tulikizunguka mara tatu. Kwenye ukuta palibaki ganda la tofaa na mbegu mbili.

Nilimwuliza mzee kama ndege aliyeanza vibaya anaweza kujirekebisha. Akasema baadhi huenda wanaweza, wakipata chakula na anga safi, ila wengi huendelea na mstari ule ule, na magharibi ya Shetland ni Atlantiki. Alilisema hilo akitazama chini.

Jioni hiyo nilipiga simu Voi.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo baridi haijakumaliza?"

Nikamweleza yote, kichaka, tofaa, jicho jeusi, kidole cha mzee ukutani. Alisikiliza bila kunikatiza, na si kawaida yake. Nyuma yake nilisikia redio na mtu akipasua kuni. Nilipomaliza, alikaa kimya kitambo.

"Mguuni alikuwa na pete?" akauliza.

"Hakuwa nayo, mjomba."

"Basi akifika," akasema, "tutamjuaje?"