Yaya wa Masaka

Jamani, nimetoka kibanda cha video cha Kisenyi, Kampala, sasa hivi, mbavu zinauma!

Ilikuwa filamu ya Alex & Emma, ya 2003. Mwandishi ana siku 30 amalize riwaya, alipe deni la kamari. Kompyuta wadai wameshaichoma. Basi anamwajiri Emma amchapie, na huyo dada kwa kubisha!

Kila akikosoa, yaya wa hadithini anageuka: Mswidi, Mjerumani, Mhispania... VJ wetu, yule anayetafsiri filamu papo hapo kwa Kiganda, akamfanya wa Masaka, wa Gulu, wa Mbarara! Mama aliyekaa mbele yangu rolex (chapati ya mayai) imempoa mkononi, hajang'ata hata kidogo.

Mapenzi yenyewe ya kawaida tu. Ila Dostoevsky, yule mwandishi wa Kirusi, alimwoa kweli mwandika hatimkato wake, yaani aliyemwandikia haraka alichosema, 1867.

Nyie mngeoana na mtu anayewakosoa kila mstari?