Nilikuwa Mlangoni

Jumamosi tulisimama kwa wauza miche, barabara ya kwenda Iringa. Nilifuata mche wa mzabibu, lakini binti yangu aling'ang'ania kopo la maua ya zambarau, yale ya petali tano yanayovumilia jua la Dodoma hata usahau kuyamwagilia.

"Mama, haya si ndiyo yalimponya Popi?"

Mjomba wake ndiye aliyemwambia habari za mbwa wangu Popi, najua. Na ni kweli. Asili ya maua haya ni Madagaska, na kwenye majani yake ndimo inamopatikana vinkristini, dawa ambayo hata watoto wenye kansa ya damu huchomwa.

Mwaka Popi alipougua, nilikuwa na mimba ya binti yangu huyu, ya miezi mitano. Popi alikuwa akidondosha damu barazani. Mtaalamu wa kwanza alisema yuko kwenye joto tu, kipindi cha kutaka dume, litapita. Miezi miwili baadaye nilikuwa bado napiga deki damu kila asubuhi, na sasa ilikuwa inanuka.

Daktari wa pili, dada aliyesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, alivaa glovu, akapanua uke wake Popi, akatuonyesha uvimbe mwekundu wenye vichwa vichwa kama koliflawa. Alibandika kioo chembamba juu yake, akakitia rangi, akaangalia kwenye hadubini. Aliniita nami nichungulie: chembe za duara zimejazana, ndani yake vipovu vidogo vimejipanga. Kansa. Akasema hii huhama mbwa kwa mbwa wakipandana, au hata wakinusana na kulambana. Chembe zenyewe ndizo zinazohama, na zote chimbuko lake ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Niliuliza kama achomwe tu sindano ya kulala moja kwa moja. "Hapana mama. Hii inasikia dawa. Sindano moja ya vinkristini kila wiki, tuanze na nne."

Kisha akanitazama tumbo. "Ila wewe hutamshika. Wala mkojo wake usiuguse."

Popi hakuwa mbwa wa kushikwa na mtu mwingine. Tangu nimwokote kwenye mtaro Nkuhungu akiwa hajafumbua macho vizuri, mkono wake ulikuwa wangu. Siku ile nilisimama mlangoni, kanga nimeibana mdomoni, mdogo wangu akamkumbatia kifuani. Walimnyoa mguu wa mbele. Daktari aliingiza kanula, mrija mwembamba wa mshipani, akapitisha kwanza maji ya chumvi, akatulia, akapapasa ngozi kwa kidole, akapitisha tena. Dawa hii ikivuja nje ya mshipa, alisema, inaunguza nyama. Kwa hiyo hakuna aliyepumua. Popi hakuangalia sindano. Alinigeuzia mimi shingo, akalia kile kilio chembamba cha usiku wa kwanza, mkia ukigonga meza taratibu, kana kwamba ananiambia yuko hapa, nije. Ilikuwa hatua nne tu. Mtoto akacheza tumboni. Sikwenda. Nilimwita jina, sauti ikakwama, na mkia ukaacha kugonga.

Sindano ya pili ilimtapisha, siku mbili hakugusa chakula hadi mdogo wangu alipomnywesha supu ya dagaa kwa kijiko. Ya tatu, damu ilikauka. Ya nne, daktari alitafuta uvimbe akaukosa.

Binti yangu alizaliwa, Popi akaishi miaka mingine mitano. Alikuja nilipomwita, alikula mkononi mwangu, lakini kulala hakulala tena kwenye mkeka wangu. Alihamia mlangoni kwa mdogo wangu. Yeye husema ni kwa sababu ya ile supu. Daktari alisema huenda ni harufu ya mtoto mchanga. Mimi nimeshindwa kuchagua.

Tuliyanunua maua. Njiani binti yangu, kopo limelala mapajani, aliniuliza: "Ulimwambia Popi kwamba ni kwa sababu yangu?"