Kikalie kwanza kiti cha bibi

Nikiombwa kusaidia kupanga harusi au sherehe yoyote ya ukoo, rangi na mapambo nayaacha kwanza. Nauliza: kati ya wote mnaotaka wawepo siku hiyo, nani mzee kuliko wengine, na nani afya yake haimruhusu kukaa muda mrefu? Maharusi hutazamana, halafu mmoja anaanza kutaja. Bibi mzaa baba. Babu anayetembelea fimbo. Shangazi mwenye kisukari. Hapo ndipo nafungua daftari, kwa sababu naamini kabisa kwamba sherehe ikimfaa bibi, itamfaa na mama mwenye mtoto mchanga, na mjomba aliyetoka safarini na uchovu wake, na maharusi wenyewe.

Imani hiyo niliitoa kwenye harusi ya binamu yangu. Bibi yetu aliwekwa meza ya mbele kabisa, kwa heshima, na meza hiyo ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye spika iliyomzidi kimo. Muziki ulipowashwa nilimwona ameinamisha kichwa, kiganja kimoja sikioni, kingine kikiendelea kumpungia kila aliyepita. Bwana harusi aliposimama kutoa shukrani, alimtaja yeye kwanza. Alieleza jinsi alivyolelewa mikononi mwake. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na bibi akanigeukia: "Kasemaje huyo mwanangu?" Nikamrudia maneno yale sikioni huku makofi yakiendelea, naye akaitikia kwa kichwa. Lakini maneno yale yalikuwa yake, na alistahili kuyasikia yakitoka kinywani mwa mjukuu wake.

Tangu hapo suala la sauti nalishikilia kuliko jambo jingine lolote. Umri ukisogea, masikio huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu. Herufi kama s, f na t zinaishi huko, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Ndiyo maana mzee atakwambia anasikia mtu anaongea, ila maneno hayamfikii sawasawa. Ukiweka muziki wa chinichini wakati wa hotuba, umemfungia mlango kabisa. Kupandisha sauti hakumsaidii, maana kelele nazo zinapanda pamoja na maneno. Kinachomsaidia ni muziki kuzimwa hotuba inapoanza, msemaji kushika maiki karibu na mdomo, na yeye mwenyewe kukaa mahali anapouona uso wa anayezungumza. Wazee wengi husoma midomo bila hata kujua kwamba wanafanya hivyo.

Halafu kuna umbali. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hushuka kwa desibeli 6. Kumtoa bibi mita 2 na kumweka mita 8 ni kumpunguzia desibeli 12. Ndani ya ukumbi kuta hurudisha sauti, kwa hiyo nafuu yake ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo na inasikika. Kama dijei ana spika ndogo kadhaa, mwombe azitawanye ukumbini badala ya kutegemea mbili kubwa za mbele: sauti itawafikia wote bila kumuumiza yeyote. Na wanaotoa hotuba wasisimame mbele ya spika, maana maiki ikinasa sauti yake yenyewe inapiga ule mluzi unaokata masikio. Siku yenyewe, kabla wageni hawajaingia, nakwenda kukaa kwenye kiti kile kile atakachokaa bibi. Namwomba dijei aweke wimbo, kisha mtu asome chochote kwenye maiki. Nikishindwa kufuata maneno nikiwa pale, meza inahama. Mpambaji atanuna kidogo, lakini inahama.

Kiti chenyewe kinahitaji macho pia. Mtu mwenye magoti mabovu husimama kwa kusukuma mikono, kwa hiyo kiti kisicho na sehemu ya kuegemeza mikono kinamfunga pale pale mpaka aombe msaada, na wazee wengi hawapendi kuomba. Tafuta kimoja au viwili vyenye mikono, hata kama havifanani na vingine. Ukishakipata, hesabu hatua kutoka hapo hadi chooni, uangalie kama njiani kuna ngazi, nyaya za muziki au zulia lililokunjamana. Angalia pia nafasi kati ya meza. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 150 inakalisha watu 8 vizuri, ya sentimita 180 watu 10. Kumbi nyingi huwabana watu 10 kwenye ile ndogo, na viti vinavyorudi nyuma vinakula njia yote, mwenye fimbo hapiti.

Kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu, usiridhike na jibu la "tutaweka ubao mlangoni". Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ngazi mbili zenye kimo cha sentimita 15 kila moja zinataka mteremko wa zaidi ya mita tatu na nusu. Ubao mfupi unasimama wima mno, na mgeni wenu ataishia kubebwa na vijana mbele ya watu wote, jambo ambalo huenda asilisahau.

Kuhusu ratiba nitasema machache. Chakula kisichelewe. Mwenye kisukari anayechoma insulini hupanga dawa yake kwa saa ya kula, na mlo ukisogea kwa saa mbili sukari yake inaweza kushuka vibaya akiwa kimya pale mezani, watu wakidhani amechoka tu. Mpeni saa ya kweli siku moja kabla, na awepo mtu wa kumpelekea kitu mapema bila kusubiri meza yao iitwe. Maji pia yapelekwe bila kuulizwa, kwa sababu mwili wa mzee hautoi ishara ya kiu kama zamani.

Picha za ukoo ndizo zinazonigusa zaidi. Miaka ikipita, picha ile ya bibi katikati ya wajukuu ndiyo itakayotafutwa, kuliko ya keki na maua yote. Na ndiyo inayopigwa kwa haraka kuliko zote, wazee wakiwa wamesimama juani wakisubiri marafiki wa maharusi wamalize pozi zao. Mimi naandika orodha ya makundi na kumpa mpiga picha kabla ya siku. Kundi la kwanza kabisa ni la mzee kuliko wote, na viti viwe vimeshawekwa pale. Baada ya hapo watu wanapungua au kuongezeka kumzunguka, yeye haondoki: watoto wake wote, kisha wajukuu, kisha maharusi peke yao pamoja naye. Akimaliza, anarudi kivulini. Namtafuta pia ndugu mmoja mwenye sauti kubwa anayewajua watu wote kwa sura, maana mpiga picha hamjui mjomba ni yupi. Wapiga picha hupenda mwanga wa saa ya mwisho kabla jua halijazama, na wana haki, ni mwanga laini unaopendeza uso. Saa hiyo wawachukue maharusi peke yao. Wazee wawe wameshapigwa zamani.

Mdogo wangu aliponiambia anataka kumvisha mchumba wake pete katikati ya sherehe ya wazazi wetu, nilimwomba asifanye hivyo. Siku ile ilikuwa ya wazazi. Na msichana akiulizwa swali zito mbele ya ukoo mzima, jibu lake linakuwa la umati, halitakuwa lake. Akakubali, akamuuliza wakiwa wawili tu. Alipokubaliwa, kabla ya kuweka picha yoyote mtandaoni, waliwapigia simu wazee mmoja mmoja. Shangazi alilia kwenye simu na kumwambia, "Umenikumbuka mwanangu." Simu ile haikuchukua hata dakika tano. Angeikuta habari kwenye simu ya jirani, ingekuwa maumivu yasiyo na sababu. Nawasihi wote wanaojiandaa kuchumbiana: andikeni majina ya wale wanaopaswa kusikia sauti zenu kwanza, na mtandao usubiri hadi jina la mwisho likatwe.

Jambo linalosahaulika karibu kila mahali ni kurudi nyumbani. Watu hupanga magari ya kuwaleta wazee kwa nidhamu kubwa, na hakuna aliyepanga nani atawarudisha. Saa tatu usiku bibi amechoka, dereva yuko katikati ya wanaocheza, na mwenye ufunguo hajulikani. Kwenye daftari langu kuna ukurasa wa peke yake: jina la dereva ambaye hanywi siku hiyo, namba yake ya simu, gari limeegeshwa wapi, na jina la mjukuu atakayepanda naye na kuhakikisha ameingia ndani na dawa ya usiku amemeza. Dereva huyo anakula mapema pamoja na wahudumu. Na bibi mwenyewe anaambiwa tangu asubuhi kwamba akitaka kuondoka, hata kabla ya keki kukatwa, ataje jina la mjukuu huyo tu, na hatalazimika kumuaga mtu yeyote kama hataki.